Maji Yasiyotoka Bombani

Ukiajiriwa kwenye nyumba ya ibada ya watu wengine, wanangu, kabla hujashika ufagio uliza maji yanatoka wapi. Usianze na ufunguo, wala sabuni, wala choo cha wafanyakazi. Hayo utayaona mwenyewe. Uliza maji. Mimi sikuuliza miaka saba mizima, na ndiyo maana leo nimewakalisha hapa. Na wewe uliyekaa mlangoni, weka simu chini, sisemi na kofia yako.

Mnanijua kama Mama Zuhura wa Yeoville, yule bibi wa Buyenzi mwenye mdomo. Bon, mdomo ninao. Ila kazi yangu hamkuijua. Wengi mlidhani nafagia ofisi kule Midrand, na mimi niliwaacha mdhani hivyo kwa sababu sikutaka maswali. Nilikuwa mtunzaji wa mikve. Mikve ni birika la Wayahudi la kuzama mwili mzima. Si la kuondoa taka, maana taka unaitoa kwanza bafuni kwa sabuni na brashi. Ni la twahara, usafi wa ibada. Sisi Waislamu tuna josho, Wakristo mna ubatizo, wao wana hilo. Bibi arusi anazama kabla ya ndoa, anayeingia dini yao anazama, mwanamke anazama baada ya siku zake, na mwingine anazama kwa sababu maisha yake yamegeuka na anataka Mungu wake ajue.

Yetu ilikuwa nyumba ndogo pale Orange Grove, ukivuka robot ya pili, hizi taa za barabarani, kutoka kituo cha teksi. Ilifunguliwa na rabi mwanamke, Rabi Dina, mfupi, anayecheka kwa pua. Aliifungua kwa sababu kulikuwa na Wayahudi waliofungiwa mlango kwingine. Watu waliozaliwa wakaitwa wavulana, kumbe ni wanawake. Waliozaliwa wakaitwa wasichana, kumbe ni wanaume. Na wengine wanaosema si huku wala si kule. Sasa kwenye mikve unaingia uchi, hata pete huvai, na juu ya birika anasimama msimamizi kuhakikisha umezama wote mpaka unywele wa mwisho. Fikiria wewe, ambaye mwili wako umekuwa mazungumzo ya watu tangu utotoni, uvue kila kitu mbele ya mgeni usiyejua ana nini moyoni. Rabi Dina akasema dawa ni moja tu, wasimamizi watoke miongoni mwa watu hao hao, na wafundishwe kazi.

Mnacheka? Chekeni mmalize. Mimi pia nilikuja na ya kwangu kichwani. Nilimwambia Rabi Dina nitasafisha tu, watu sitaki kuwaona. Wiki ya tatu nikamkuta mtu amekaa kwenye benchi la bafuni, taulo kichwani, vifungo vya shati vimemshinda. Nikampa chai. Sijawahi kusikia fatwa inayokataza chai. Akanywa, akavua, akaingia majini, na alipotoka alinishika mikono yote miwili. Toka hapo nikaacha kujiuliza nani ni nani, nikaanza kujali kama ngazi zinateleza. Wanawake wa msikitini walinong'ona, eti Zuhura anaogesha mashetani. Nikawajibu mimi naosha vigae, na mwenye kutaka vyake vioshwe aniite.

Mafunzo yalikuwa Jumapili. Rabi Dina alifundisha sala na sheria, mimi nilifundisha yaliyobaki, maana kitabu hakimzuii mtu kuteleza. Wanafunzi walikuja wakaondoka, ila nitawatajia wawili. Wa kwanza Noam, kijana fundi wa sauti kwenye ukumbi wa muziki Newtown, miwani kama vioo vya gari. Noam alisema si mwanamume wala mwanamke, ni Noam, basi. Kwa Kiingereza, na he na she zake, nilimkosea kila dakika, kwa Kiswahili sikumkosea hata mara moja. Wa pili Shira. Shira alizaliwa akaitwa mvulana, akaishi miaka mingi kwa jina ambalo sitalitaja, na nilipomjua alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mrefu, mwenye ulimi wa wembe.

Kazi yenyewe nitawapa bure. Shuka unalishika juu ya macho yako wewe, si chini ya kidevu chake. Unalishusha akishafika majini mpaka shingoni, na hapo unaangalia sehemu moja tu, juu ya kichwa chake, pale nywele zinapomezwa. Maji yawe na joto la mwili. Ukitia mkono usisikie baridi wala moto, yametosha. Kabla hajaingia unamuuliza maswali, plasta, lenzi za macho, rangi ya kucha, hereni, nywele za bandia, kibandiko cha dawa. Na hapo ndipo Shira alipotusahihisha sote. Sisi tulikuwa tunaonyesha kidole, hiki nini, na hiki. Shira akasema, "Usimuulize mtu juu ya mwili wake kama polisi. Muulize hivi: kuna kitu kinachotoka ambacho hujakitoa? Atajibu mwenyewe. Na kovu si uchafu, kovu ni mwili."

Nilikuwa mimi ndiye wa kufanyiwa mazoezi. Naingia na kanga yangu, nazama, naibuka, Noam anatangaza. Neno lao ni "kosher", yaani imefaa. Siku ya kwanza miwani ikajaa mvuke, Noam haoni kitu, lakini kwa heshima tu akatangaza, "Kosher!" Na mimi kisogoni nywele zimeelea juu kama bata. Shira akapiga benchi kofi.

"Umeona nini wewe?"

"Sikuona vizuri," Noam akasema.

"Basi sema hukuona. Kama bado, sema bado. Mtu anakuja hapa kwa sababu amedanganywa maisha yake yote. Usimpe uongo mwingine, hata ukiwa mtamu."

Noam alilia kidogo siku ile. Jumapili iliyofuata akaja na kamba ya kufungia miwani na kitambaa cha kufutia mvuke, na hakutudanganya tena.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba Shira, aliyekuwa akifundisha wenzake kwa ukali ule, mwenyewe hakuwa amezama. Alinisimulia siku moja tukikunja taulo. Zamani alikwenda kwenye mikve nyingine, sitasema ipi, akiwa ameshaanza kuishi kama Shira. Akafika ngazi ya nne, maji kiunoni. Msimamizi akashusha shuka, akamwangalia mwili mzima, akamkamata mkono, akampandisha juu akipiga kelele, wakaja watu wawili kutazama. Alisimama pale akichuruzika maji, na hawakumpa hata taulo.

"Siku nitakayoingia tena," akaniambia, "nitaingia kwa miguu yangu, nitatoka kwa miguu yangu, na hakuna mkono wa mtu utakaonigusa."

"Lini?"

"Nikiwa tayari. Usinisukume, Mama Zuhura."

Sikumsukuma. Laiti ningemsukuma, jamani.

Mwezi wa tano akaanza kukonda. Tukamtania, tukasema amepata mchumba. Ilikuwa saratani ya kongosho, na daktari hakumficha, alimwambia ahesabu wiki, si miezi. Shira alikuja Jumapili iliyofuata na mkongojo, akaketi kwenye benchi lake, akasema, "Haya. Niko tayari sasa. Noam atanisimamia." Rabi Dina akafungua daftari, wakapanga Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi wa sita, asubuhi, jua likishapanda. Shira alihesabu ngazi kwa macho. Zilikuwa saba. Akasema miguu yake ina ngazi saba ndani yake bado, na Jumanne itakuwa nazo. Alimwandikia hata mdogo wake wa kiume aliye Durban, ambaye walikuwa hawasemeshani, kumweleza anachokwenda kufanya. Mdogo mtu hakujibu.

Mimi nilimpenda Shira. Nasema wazi. Nikaamua nyumba ile ing'ae siku yake kama haijawahi kung'aa. Jumapili, siku mbili kabla ya Jumanne yake, watu wote walipoondoka nilibaki, nikasugua vigae kwa mswaki, nikabadilisha maji ya birika, nikapaka ngazi dawa ya ukungu. Halafu nikaliona lile shimo.

Pembeni ya birika kulikuwa na shimo la saruji lenye mfuniko mzito, na baina ya shimo na birika kulikuwa na tundu la upana wa vidole viwili, lenye kizibo. Nilipoanza kazi niliambiwa, "Hilo usiliguse." Sikuambiwa kwa nini, na mimi kwa kiburi changu sikuuliza. Mnajua Johannesburg hii, maji yanakatika wiki nzima, kila nyumba ina tangi la akiba. Nikajiambia hili nalo ni tangi la akiba, wamenikataza mfuniko usije ukaniponda vidole. Nikauinua. Ndani maji meusi, majani ya msimu uliopita, na njiwa aliyekufa. Astaghfirullah! Shira azame kwenye maji yanayopakana na mzoga? Nikaleta pampu, nikayatoa maji yote mpaka tone la mwisho, nikayamwaga kwenye bustani. Nikasugua shimo. Nikavuta mpira wa bustani kutoka bombani, nikalijaza maji safi unayoweza kunywa. Nikaenda nyumbani nimechoka, nikalala kwa furaha.

Jumatatu asubuhi Rabi Dina alikuja kukagua. Nikamwonyesha kwa fahari. Akaangalia shimo, akaangalia mpira wa bustani, akaniuliza kwa sauti ndogo maji ya zamani yako wapi.

"Nimeyamwaga. Yalikuwa na njiwa."

Rabi Dina akaketi chini sakafuni. Si kwenye benchi, sakafuni.

Ndipo nikaelezwa kile nilichopaswa kuelezwa, na kuulizia, miaka saba nyuma. Lile shimo ndilo mikve. Birika kubwa ni maji ya bomba ya kawaida, unabadilisha utakavyo. Kinachoyatia twahara ni kugusana na maji ya shimoni kupitia lile tundu, na maji ya shimoni lazima yawe yamekuja yenyewe kutoka mbinguni. Ya mvua. Yasichotwe, yasipite bombani wala kwenye ndoo ya mtu. Yawe na njiwa, yawe na majani, hayo yanatolewa kwa wavu. Ukiyamwaga, umemwaga mikve. Na ilikuwa mwezi wa sita. Nyie mnaishi hapa, mnajua. Mvua ya Johannesburg inaondoka mwezi wa nne na hairudi mpaka wa kumi. Shira alikuwa na wiki chache, na wiki zenyewe tulikuwa tumekwisha kuzila.

Kwetu wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nawaambia watoto hivyo wakivunja sahani. Siku ile nilitoka nje nikaiangalia ile bustani, udongo umeshakauka, nikajipiga kifuani. Hakuna aliyenifokea. Ningependa wangenifokea.

Rabi Dina alimpigia Shira mwenyewe. Hakunitaja. Mimi nikachukua simu nikajitaja. Shira akasema, "Njiwa alikuwa mkubwa?" Nikasema wa kawaida. Akasema, "Tafuteni njia. Mimi bado nina ngazi saba."

Jumanne, siku iliyokuwa yake, tulikaa kwenye simu. Mikve nyingine mbili hazikujibu. Ya tatu walisema mleteni, lakini aje zamu ya wanaume. Rabi Dina akakata simu bila kuaga, na yule ni mtu wa adabu. Mto na bwawa vinafaa kwa sheria yao, ila daktari alisema baridi ile itamwua majini. Jumatano Rabi Dina akakesha na vitabu vyake, na Alhamisi alfajiri Noam akanipigia, anasema haraka haraka mpaka nikamwambia apumue.

"Barafu, Mama Zu! Barafu si maji ya kuchotwa. Tukiiweka shimoni ikiwa kavu, ikayeyukia humo humo, inahesabika. Rabi ameiona kitabuni. Lakini inatakiwa zaidi ya lita mia saba. Nani ana barafu ya hivyo?"

Eish. Hilo ndilo swali la kwanza katika mkasa ule wote lililokuwa la kwangu. Nikapanda teksi kwenda Rosettenville kwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Kalemie muuza samaki, anayechukua mabonge ya barafu kiwandani.

"Mama Zuhura, barafu yote hii ni ya samaki gani?"

"Si ya samaki. Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa kufa, Papa."

Akatoa maturubai kwenye pikapu, akaita vijana wake, na saa sita mchana tulikuwa Orange Grove. Kwanza nilitoa yale maji yangu ya bomba shimoni, nikapiga magoti ndani yake na matambara mpaka saruji ikawa kavu kabisa. Kila bonge tulilifuta kabla ya kulishusha, tone lililoyeyuka njiani lisiingie. Hatukutumia ndoo, tulibeba kwenye mbao na kwa mikono. Noam viganja vilichubuka, akaendelea kubeba. Tulipomaliza shimo lilikuwa limejaa mawe meupe, na sote tukasimama tukiyaangalia kama yatayeyuka kwa kuogopa macho yetu.

Barafu ya mwezi wa sita, ndani ya shimo la saruji, haiyeyuki. Nawaambia haiyeyuki. Na maji ya moto huwezi kumimina, utaharibu tena. Tukaweka majiko ya umeme chumbani. Ijumaa asubuhi umeme ukakatika mtaa mzima. Ijumaa jioni Sabato yao ikaingia, hawawezi kugusa swichi wala kupasha chochote. Sikungoja kuombwa. Nilitoka kuswali Ijumaa, nikachukua jiko langu la mafuta ya taa, nikaenda kukaa na barafu. Jumamosi nzima niko peke yangu na shimo lile, dirisha wazi nisife kwa moshi, nasogeza jiko huku na huku, nasikiliza. Inapasuka, inanyamaza. Nilisoma Yasin. Nilimlaani njiwa, kisha nikamwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Saa zote hizo najua kwamba upande wa pili wa mji kuna mwanamke ana ngazi saba miguuni, na zinapungua, na nimezipunguza mimi.

Jumatatu asubuhi barafu ilikuwa imeyeyuka. Maji meupe, ya baridi kali, yamefika juu ya tundu. Nikajaza birika kwa bomba, umeme umesharudi, nikapasha, Noam akavuta kizibo, maji yakagusana. Rabi Dina akasema imefaa. Tukampigia Shira aletwe.

Aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Mara ya mwisho nilimwona Jumapili ya wiki iliyotangulia, anatembea kwa mkongojo. Sasa shingo haikushika kichwa vizuri. Aliangalia ngazi, akazihesabu kwa midomo, akafumba macho. Akajaribu kusimama. Magoti yakakataa. Akajaribu tena, mara tatu, na hatukumsaidia kwa sababu alikuwa ameinua kidole kutukataza. Mara ya tatu akabaki ameketi, machozi yanashuka, na alikuwa mtu asiyelia.

"Juma lililopita ningeweza," akasema.

Nikasogea karibu na kiti chake.

Halafu akanigeukia. "Nitabebwa basi. Lakini si na mwingine. Wewe ndiye uliyemwaga maji, wewe ndiye utakayelowa."

Nikaingia na kanga zangu mbili. Nikalowesha mikono kwanza kama inavyotakiwa, maji yatangulie baina ya ngozi na ngozi. Nikamteremsha ngazi moja moja, miguu yake ikigusa vigae bila kubeba kitu. Alikuwa mwepesi. Nilishawahi kubeba ndoo nzito kuliko Shira. Noam juu, shuka mbele ya macho, miwani imefungwa kamba. Rabi Dina nyuma ya mlango na sala.

Nikamzamisha. Nikamwinua. Nikamtazama Noam, nikamwambia kwa macho, sema, sema basi, mtoto wa watu anakufa.

"Bado," Noam akasema. "Nywele. Na mkono wako, Mama Zu, umemshika sana. Maji hayakupita."

Nilimchukia Noam dakika ile, wallahi. Shira akakohoa maji, na kwenye kikohozi kile nikasikia kicheko. "Vizuri," akasema. "Mwalimu wako alikuwa nani?" Kisha akaniambia mimi, sikioni, maana sauti haikufika mbali, "Niachie. Nikiwa chini, niachie."

Wanangu, mmewahi kumwachia mtu ndani ya maji, mtu asiyeweza kusimama? Kila kiungo changu kilikataa. Nikavuta pumzi, nikasema bismillahi, nikamshusha, na alipofunikwa nikafungua vidole vyote kumi. Akabaki peke yake. Nywele zilizama, mikono ikafunguka, akageuka kidogo upande kama mtu anayejipatia nafasi kitandani. Mimi nilihesabu moja. Nikamdaka.

"Kosher!" Noam alipiga kelele mpaka dirisha likaitika.

Kwao ni mara tatu. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu vivyo hivyo, na mara ya tatu yeye ndiye aliyechelewa kurudi, mimi nikapaniki, kumbe alikuwa amefumbua macho ananitazama kutoka chini. Tulimtoa tukamfunga mataulo manne. Hakusema lolote kubwa. Alisema chai ina sukari kidogo.

Alifariki Alhamisi.

Mdogo wake akaja kutoka Durban, mwenye haki ya maiti kwa sheria, na akamzika kwa mtindo wake. Wanaume walimwosha. Jina lililosomwa makaburini ni lile la zamani. Rabi Dina aliomba, akasihi, akakataliwa. Tulisimama nyuma, sisi watatu, na nilikuwa nimemshika Noam kiwiko kwa sababu kila jina lile lilipotajwa alisogea kama amepigwa.

Kwao, jeneza likishashuka, watu wenyewe ndio wanaofukia. Beleshi halipokezwi mkono kwa mkono. Ukimaliza unalichomeka kwenye udongo, mwingine analichomoa. Kwa hiyo huwezi kumnyima mtu. Noam akaenda, akalichomoa, akamwaga udongo, akasema "Shira" kwa sauti ya kawaida kabisa, mara tatu, udongo mara tatu. Watu wakageuka. Mdogo mtu akamsogelea, mwanamume mnene, macho mekundu, nikajua sasa ni matusi.

"Nyinyi ndio wale wa kwenye yale maji?"

"Mimi ndiye niliyesimamia," Noam akasema.

Akatoa simu mfukoni, hakuifungua, akaishika tu. "Aliniandikia. Alisema ataingia kwa miguu yake mwenyewe, hatashikwa na mtu. Sikumjibu." Akairudisha mfukoni. "Aliingia hivyo?"

Noam, ambaye hajui kudanganya, akanitazama.

"Hapana," nikasema. "Nilimbeba mimi. Wiki moja kabla angeweza kutembea, na wiki hiyo niliipoteza mimi. Lakini chini ya maji nilimwachia. Huko hakushikwa na mtu."

Nilingoja anitukane, na ningeona ni haki. Akachukua beleshi alilolichomeka Noam, akamwaga udongo wake, mdomo ukatamka kitu ambacho sikukisikia, sijui lilikuwa jina gani. Halafu akaja akalichomeka mbele ya miguu yangu, akasogea pembeni kunipisha. Nikalichomoa, nikamfukia rafiki yangu.